Uhakiki, si usawazishaji

Wenzangu wa kitivo, kabla orodha yetu ya maneno ya sayansi haijapelekwa kupigwa chapa, naomba nafasi ya kubisha jambo moja. Ni neno moja tu kati ya mia kadhaa. Lakini tukilichapa lilivyo sasa, tutawafundisha wadogo zetu kitu ambacho si kweli kuhusu kazi ya kupima, na watakaolibeba hadi shule za sekondari watakuwa hawana kosa.

Mliokuwapo mnakumbuka. Kikundi chetu cha tafsiri kilipewa makala ya Kifaransa kuhusu Cassini, chombo cha angani kilichoizunguka sayari ya Zohali tangu 2004 hadi 2017. Tulikwenda vizuri mpaka tukagonga neno étalonnage. Makala ilisema kwamba wanasayansi waliifanya étalonnage ya vipimo vya sumaku wakati chombo kikiwa safarini. Wa kwanza akasema “urekebishaji”. Wa pili akasema “usawazishaji”. Kaka mmoja wa benchi la nyuma akasema tuandike “etalonaji” twende zetu kula. Mimi nikasema “uhakiki”, na darasa likacheka, maana kwetu sisi uhakiki ni somo la riwaya na tamthilia. Kura zikapigwa, “usawazishaji” ukashinda. Asistanti wetu alisema kura si hoja, na kwamba mwenye hoja aiandike. Basi naiandika.

Tuanze na kitu chenyewe, maana nadhani tulipiga kura bila kukijua.

Uga wa sumaku hauonekani wala haugusiki. Hapa duniani nguvu yake ni kati ya nanotesla 25,000 na 65,000, kutegemea mahali ulipo. Kule mbali, kwenye upepo wa jua karibu na Zohali, unashuka hata chini ya nanotesla moja. Cassini ilitakiwa ipime vyote viwili, na kila kilicho katikati yake. Kwa kazi hiyo ilibeba mkono wa mita 11 uliotoka nje ya mwili wake. Kwenye ncha ya mkono kulikuwa na kipimo cha heliamu, na katikati ya mkono kulikuwa na kipimo cha aina inayoitwa flaksigeti.

Mkono wa nini? Kwa sababu chombo chenyewe ni kelele. Nyaya zake zinapitisha umeme, mota zake zina sumaku, na vyuma vyake vina sumaku yao ndogo waliyozaliwa nayo. Ukiweka kipimo karibu na mwili utapima mwili. Ukikiweka mbali, kelele inapungua, lakini haiishi.

Flaksigeti nayo ina yake. Ndani yake mna kipande cha aloi laini kinachofanywa sumaku na koili, upande huu kisha upande huu, maelfu ya mara kwa sekunde. Kukiwa hakuna uga wowote nje, pande mbili zinalingana. Uga wa nje ukiwapo, upande mmoja unashiba mapema kuliko mwingine, na tofauti hiyo ndiyo inayosomwa. Kunahitajika vipande vitatu, kila kimoja kwa mwelekeo wake, ili kupata uga mzima. Ni kipimo kizuri, chepesi, chenye kula umeme kidogo. Kasoro yake ni kwamba sifuri yake si sifuri. Hata uga wa nje ukiwa haupo kabisa, kitasema kuna nanotesla moja, au mbili, au zaidi, na uongo huo unabadilika polepole kadiri kipimo kinavyozeeka na kadiri joto linavyopanda na kushuka.

Kwa hiyo mtu anayetaka kusoma kipimo hiki anahitaji kujua namba 12 kuhusu chenyewe kabla ya kujua lolote kuhusu Zohali. Sifuri tatu za uongo, moja kwa kila mwelekeo. Namba tatu za kusema kila mwelekeo unakuza au kupunguza kiasi gani. Na pembe sita: tatu kwa sababu mielekeo mitatu haikai wima sawasawa mmoja kwa mwingine, na tatu kwa sababu hakuna ajuaye kwa hakika mkono ulijifungua ukielekea wapi. Maabara yalizipima namba hizi kabla chombo hakijarushwa Oktoba 1997. Lakini maabara hayaendi Zohali. Mkono ulikuwa umekunjwa ndani ya kopo lake wakati wa kurushwa, ukafunguliwa tu Agosti 1999.

Hapa ndipo ninapowauliza wapenzi wa “usawazishaji”: nani atasawazisha? Mizani ya sokoni ukiona sindano yake imepotoka unaishika, unakaza skrubu, sindano inarudi sifuri. Huko ndiko kusawazisha. Cassini ilikuwa umbali ambao redio inachukua zaidi ya saa moja kuufikia, na hakukuwa na mkono wa mtu wa kugusa skrubu yoyote. Kipimo kiliendelea kusema uongo wake uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyekinyoosha. Kilichofanyika ni kuujua uongo wake, kuuandika, na kuutoa kwenye hesabu huku chini, Duniani, katika meza za London na kwingineko.

Nawapa mfano wa nyumbani. Mama anayenunua unga wa mahindi kwa meka anajua kwamba meka za muuzaji fulani zimepigwa nyundo chini, kitako kimeingia ndani. Hana nyundo ya kukirudisha, na muuzaji hatakubali. Anachofanya ni kuhesabu kichwani: meka nane za huyu ni sawa na saba za yule, na analipa kwa hesabu hiyo au anaondoka. Meka haikusawazishwa. Imehakikiwa. Sote tumelelewa na akina mama wa namna hii, na bado tulipiga kura kinyume chao.

Sasa, unaujuaje uongo wa kipimo usichoweza kukifikia? Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niache kucheka pamoja na darasa.

Njia ya kwanza ni kupita mahali unapopajua. Tarehe 18 Agosti 1999 Cassini ilipita karibu na Dunia, kwenye kimo cha kilomita 1,170 hivi, ili ivute kasi ya kuendelea na safari. Uga wa Dunia tunaufahamu vizuri, kwa sababu umepimwa kwa vizazi katika vituo vingi, kikiwamo cha Karavia hapa kwetu Lubumbashi, kilichoanza enzi za Élisabethville katika miaka ya 1930. (Wangapi kati yetu wanaopita barabara ya kwenda Karavia wanajua kwamba mji huu una jina kwenye orodha za dunia za sumaku?) Chombo kikapita, kipimo kikasoma, na watu wakalinganisha alichosema na kilichokuwapo. Ni kama kumpa mfasiri mpya matini ambayo tafsiri yake tunayo tayari.

Njia ya pili hutumia upepo wa jua. Uga unaosafiri na upepo huo mara nyingi hugeuka mwelekeo bila kubadili ukubwa: leo unaelekea huku, baada ya dakika chache unaelekea kule, lakini urefu wake ni uleule. Chora ncha ya mshale huo na itatembea juu ya tufe. Kama kipimo chako hakina uongo, katikati ya tufe ni sifuri. Kama kina uongo, tufe zima linasogea, na umbali liliosogea ndio uongo wenyewe. Wataalamu walianza kuifanyia kazi hila hii katika miaka ya 1960. Hakuna kifaa cha ziada kinachohitajika. Unahitaji subira na upepo wenye kugeukageuka.

Lakini ukishaingia ndani ya uga wa Zohali, upepo wa jua haukufikii tena, na hila hiyo inakufa. Inabaki njia ya tatu, nayo ni kugeuza chombo chote.

Fikiria umebeba kapenta kwenye mfuko wa shati. Unanusa samaki. Je, samaki yuko sokoni upande wa kushoto, au ni wewe? Zunguka mahali uliposimama. Harufu ya soko itakujia mara usoni, mara kisogoni. Harufu ya mfuko wako itabaki palepale, kifuani. Cassini ilifanya hivyohivyo: ilijizungusha juu ya mhimili wake, na uga wa nje ukaonekana kwa kipimo kama unazunguka, wakati uga wa chombo chenyewe na sifuri ya uongo vikabaki vimesimama. Kinachosimama ni chako. Kinachozunguka ni cha Zohali.

Mzunguko mmoja hautoshi. Ukizunguka juu ya mhimili mmoja, unapata uongo wa mielekeo miwili iliyo ubavuni mwa mhimili huo, na wa tatu, ulio sambamba nao, unabaki umejificha. Antena kubwa ya Cassini ilikuwa imefungwa kwenye mwili, bila shingo ya kugeuka. Ikijizungusha juu ya mhimili wa antena, inaendelea kuitazama Dunia na kutuma habari. Ili kuupata mwelekeo wa tatu ni lazima izunguke juu ya mhimili mwingine, na hapo antena inaacha kuitazama Dunia, na kamera zinaacha kutazama kile wenye kamera walichotaka kutazama. Kila saa ya kumjua mpimaji ni saa iliyonyimwa wengine. Katika safari iliyogharimu mabilioni ya dola, watu walikaa mezani wakakubaliana kwamba chombo kiache kutazama Zohali kwa muda, kijitazame. Nani aliyesema sayansi ni kutazama nje tu?

Kulikuwa pia na koili mbili kwenye mwili wa chombo, za kuzalisha uga mdogo unaojulikana. Ukiziwasha, vipimo vya kwenye mkono vinapaswa kusoma kiasi fulani kutoka upande fulani. Visiposoma hivyo, unajua mkono umekaa vipi. Sitazieleza zaidi, makala yetu ilizitaja kwa sentensi moja na nadhani ilitosha.

Kipimo cha heliamu ndicho kilichokuwa shahidi. Hicho kiliweza kusema ukubwa wa uga kwa kutegemea tabia ya atomi zenyewe, na atomi ya heliamu haizeeki wala haisikii baridi. Flaksigeti ikisema hivi na heliamu ikisema vile, ulijua wa kumwamini. Novemba 2005 kipimo hicho kiliacha kufanya kazi, hakikurudi tena. Kwa karibu miaka 12 iliyobaki flaksigeti ilikuwa peke yake, msema uongo bila shahidi, na watu wa London walibaki na mizunguko ya chombo kama njia yao kuu ya kumjua.

Mnaweza kusema: sawa, ni hesabu za mafundi, sisi wa lugha zinatuhusu nini? Nawajibu kwa mambo mawili yaliyotegemea hesabu hizo.

La kwanza ni Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 hivi. Cassini iliupitia Februari na Machi 2005. Katika kupita huko kipimo cha sumaku kiliona uga wa Zohali, ambao pale ni nanotesla mia tatu na kitu, ukijipinda kuuzunguka mwezi huo kana kwamba kuna kitu kikubwa kuliko jiwe la barafu lililokufa. Michele Dougherty wa Imperial College London, aliyeongoza kazi ya vipimo hivyo, aliwaomba wakuu wa safari washushe njia ya chombo katika kupita kwa Julai. Fikirini ombi hilo. Mtu anataka chombo kisicho na mwenzake kipelekwe karibu zaidi na mwezi, kwa sababu ya mpindo mdogo wa namba kwenye kipimo ambacho kila mtu anajua kina sifuri ya uongo. Swali la kwanza la yeyote mwenye akili ni: je, si kipimo chako hicho? Na jibu liliwezekana kwa kuwa uongo wake ulikuwa umeandikwa. Uongo wa sifuri unakuwapo kabla ya mwezi na baada ya mwezi, hauji pale tu na kuondoka. Wakakubali. Tarehe 14 Julai 2005 Cassini ilipita kilomita 173 juu ya uso wa Enceladus, ikakuta mvuke wa maji unatoka ncha ya kusini. Leo mwezi huo umo katika orodha fupi ya mahali ambapo watu wanataka kutafuta uhai.

La pili ni la mwisho wa safari. Kuanzia Aprili hadi tarehe 15 Septemba 2017 Cassini ilipita mara 22 katikati ya sayari na pete zake, mahali ambapo hakuna chombo kilichowahi kupita, kisha ikaachwa iungue ndani ya anga la Zohali. Huko uga ulikuwa mkali kuliko wote uliowahi kuupima tangu ilipoondoka Dunia, zaidi ya nanotesla 10,000, ikabidi flaksigeti itumie ngazi yake ya juu kabisa, ile ya hadi 44,000. Ngazi hiyo haikuwa imetumika tangu Agosti 1999. Kila ngazi ina namba zake. Kwa hiyo miezi michache kabla ya kufa, chombo chenye umri wa miaka karibu 20 kilizungushwa tena ili kihakikiwe upya.

Walitafuta nini? Walitafuta mwinamo. Uga wa Dunia umeinama kiasi cha nyuzi 10 kutoka kwenye mhimili wa mzunguko, na ule wa Mshtarii vivyo hivyo. Wa Zohali haukuonekana kuinama. Tatizo ni kwamba tangu 1933 Mwingereza T. G. Cowling alionyesha kwa hesabu kwamba uga uliolingana kikamilifu pande zote za mhimili hauwezi kudumishwa na mwendo wa majimaji ndani ya sayari. Lazima kuwe na mwinamo au kasoro mahali fulani. Mwaka 2018 kundi la Dougherty likatangaza: mwinamo, kama upo, ni chini ya nyuzi 0.0095.

Isome tena namba hiyo. Katika uga wa nanotesla 20,000, nyuzi 0.0095 ni sawa na nanotesla tatu na kitu kwa upande. Tatu, kutoka elfu ishirini, kwa kipimo kisicho na sifuri ya kweli, kwenye mkono wa mita 11 ambao hakuna aliyeuona tangu ulipofunguka. Na matokeo yake si madogo. Kama uga hauinami, hauyumbi sayari inapozunguka, na huwezi kuutumia kama saa kujua siku ya Zohali ina urefu gani. Walioipata siku hiyo waliipata kwingine, kwa mawimbi yaliyomo ndani ya pete: saa 10 na dakika 33 na kitu. Mtu asiyejua habari ya uhakiki atasoma “chini ya nyuzi 0.0095” kama majigambo. Anayeijua atasoma kama ungamo: hapa ndipo tunapoweza kujitofautisha na kipimo chetu, chini ya hapo hatujui ni Zohali au ni sisi.

Sasa turudi kwenye neno.

Sisi tumefundishwa uhakiki wa maandiko. Mkononi una nakala tatu za utenzi mmoja, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na wanakili watatu. Mmoja ana mazoea ya kuacha nukta. Mwingine anachanganya sauti mbili kwa sababu katika lahaja yake hazitofautiani. Mhakiki anazilinganisha, anajifunza mazoea ya kila mnakili, na mwisho anasema: hapa pameandikwa hivi, lakini mtunzi alisema vile. Je, anachukua wembe akakwangua karatasi ya zamani? Akifanya hivyo tunamfukuza. Nakala inabaki ilivyo, na marekebisho yake yanakaa pembeni, na sababu zake, ili atakayekuja kesho akiona amekosea aanze upya.

Ndivyo wanavyofanya hawa watu wa sumaku. Namba za Cassini zimehifadhiwa katika hazina ya data za sayari ya NASA, zilizo ghafi na zilizohakikiwa, kila moja mahali pake. Namba ghafi hazifutwi. Mtu akigundua miaka 10 baadaye kwamba sifuri ilikadiriwa vibaya, anarudi kwenye ghafi. Neno “usawazishaji” linaua habari hii yote. Linamwambia msomaji kwamba kulikuwa na kitu kimepinda, kikanyooshwa, basi. “Urekebishaji” ni mbaya zaidi, maana rafiki yangu wa benchi la mbele alikuwa tayari ameandika “walirekebisha data”, na kwa Kiswahili cha mtaani, mtu aliyerekebisha hesabu za mradi anatafutwa na polisi.

Kuna pingamizi moja ambalo si la kuchekesha. Dada mmoja wa fizikia, ambaye anasoma makala za kikundi chetu kwa hisani, aliniambia: Msamiati wa kimataifa wa vipimo, unaotunzwa Sèvres karibu na Paris, unatenga mambo matatu. Kuna étalonnage, ambayo ni kulinganisha na kujua tofauti. Kuna ajustage, ambayo ni kugusa kipimo na kukiweka sawa. Na kuna vérification, ambayo ni kuamua kama kipimo kinafaa au hakifai, na kukigonga muhuri. Akaniambia: Tanzania wanaposema “kuhakiki mizani”, wanasema hilo la tatu. Wewe unataka neno hilohilo kwa la kwanza, utatuchanganya.

Nilikaa na pingamizi lake wiki mbili. Ana haki kwa nusu. Ni kweli kwamba afisa wa vipimo anayebandika karatasi kwenye mizani ya duka anatoa hukumu ya ndiyo au hapana. Lakini ili atoe hukumu hiyo ameleta mawe yake ya kilo, ameyaweka, amesoma tofauti. Hukumu inakaa juu ya ulinganishaji. Na katika kitivo chetu uhakiki haujawahi kuwa muhuri. Hakuna mwalimu aliyekubali kazi ya mwisho inayosema “riwaya hii inafaa” na kunyamaza. Kwa hiyo nampa dada huyu neno “uthibitishaji” kwa lile la muhuri, na la kwanza linabaki kwangu. Kuhusu la pili hatugombani hata kidogo: ajustage ndiyo “usawazishaji”, na wafundi waliokaza skrubu maabara kabla ya 1997 walisawazisha kwelikweli. Ukiangalia vizuri, kura yetu haikuchagua neno baya. Ililiweka neno zuri kwenye mlango wa jirani.

Kuna na wale wanaosema mkopo ni mwepesi: tuandike “kalibresheni” kama wanavyosema wengine wa mashariki, au “etalonaji” kama kaka wa benchi la nyuma. Sina ugomvi na mkopo. Tuna shati, tuna antena, tuna koili katika makala hii hii, na sikuomba ruhusa. Lakini mkopo ni wa kitu ambacho hatukuwa nacho. Kumjua anayekuletea habari kabla ya kuipokea habari, kujua mazoea ya jicho lake na uzito wa mkono wake, kitu hicho tunacho, tuna na kozi yake, ina mtihani. Itakuwa ajabu tukiagiza kutoka nje kile tunachokipa alama kila mwezi wa saba.

Naomba basi kamati ya orodha ifute mstari mmoja na kuweka mitatu. Étalonnage: uhakiki wa kipimo, yaani kulinganisha kipimo na kitu kinachojulikana, na kuandika tofauti yake bila kukigusa. Ajustage: usawazishaji. Vérification: uthibitishaji. Na kwenye makala yetu, pale palipoandikwa kwamba wanasayansi “walisawazisha vipimo vya Cassini vikiwa safarini”, paandikwe walivihakiki. Karatasi nimemwachia asistanti Jumatatu. Amesema mchapaji anasubiri hadi Ijumaa, na kwamba mwenye pingamizi lingine asije na kura.